Peponi, Neno Nililomnyima Mama Yako

Atieno nyathina, mwanangu,

Umeondoka sasa hivi kwenda kuwaaga wenzako kule ufuoni, na shangazi yako Auma amekufuata nyuma akilalamika kwamba unatembea kama mtu anayekimbizwa. Nimebaki na meza hii, taa ya mafuta, na rundo la madaftari ya darasa la saba ambayo sitayasahihisha leo. Kesho asubuhi utapanda gari la Homa Bay, nami nitakubebea sanduku hadi barabarani bila kusema neno la maana, kama ilivyo kawaida yangu. Kwa hiyo naandika. Ukiikuta barua hii katikati ya shuka zako ukishafika chuoni, usishangae. Ni mimi niliyeitia humo.

Sitakuandikia mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, wala ya kufuli ya sanduku, wala ya vijana wa chuo. Hayo shangazi yako amekwambia tangu Jumapili, na mengine ameyarudia hadi paka akahama chumba. Na naandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Dholuo ningekuwa nimeshakukaripia kufikia hapa. Pia nimechoka, mwanangu. Nakwambia mapema ili ukiona sentensi inachechemea usidhani nimepitia kwa wauza chang'aa.

Juzi, ulipokuwa unakunja nguo, nilikuuliza kama Krismasi utakuja kwanza hapa Sindo au utanikuta moja kwa moja nyumbani Nyatike. Hukuinua kichwa. Ulisema, "Nitaenda kwa nyanya, Rusinga. Huko ndiko mama alikuwa na nyumba."

Nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Ukweli ni kwamba kuku walikuwa wote ndani. Maneno yako yamenikaa kooni kama mwiba wa samaki ngege, na kila nikimeza yananikumbusha kwamba yapo. Naogopa, Atieno. Naogopa kwamba usipokuja Krismasi hii hutakuja na nyingine, na baada ya miaka tutakuwa watu wa kusalimiana kwenye mazishi ya jamaa.

Najua hasira yako ilianzia wapi. Ilianza siku tuliyomzika mama yako, ulipokuwa kidato cha pili. Watu walikuwa wamenyamaza wakinisubiri nisimame, mimi mshairi wa mazishi ya nchi nzima, na sikusimama. Jioni ulinifuata nyuma ya nyumba ukaniuliza, "Baba, shairi la mama liko wapi?" Nikakwambia nimelisahau. Ukaniambia, "Watu wote umewapa Peponi, mama yangu ukamnyima." Tangu siku hiyo hujanililia wala kunigombeza. Unaniwekea chakula mezani, unaniambia "Kula, baba," basi.

Acha nikueleze nilivyolipata neno hilo, na lilivyonishinda.

Kabla hujazaliwa nilikuwa mwalimu kijana Migori mjini, nimepanga chumba nyuma ya duka la vitambaa la Bi. Mwanaidi. Yeye na mumewe walitoka Mombasa, wakaja kufanya biashara bara, na watu wa Migori waliwajua kwa vitambaa vizuri na kwa kutokukopesha. Mimi Kiswahili changu kilikuwa cha mtihani: kilifaulu lakini hakikuimba. Bi. Mwanaidi alikuwa anakata kitambaa huku anaghani tenzi alizofunzwa na babake utotoni, na mkasi ukifuata mizani. Nilisimama pale mlangoni na mwiko wangu mkononi hadi ugali ukaungua huko ndani.

Kwetu sisi, tulizoea kusema mbinguni. Kwa Dholuo tunasema polo, na polo ni anga hilo hilo lenye mawingu na radi. Ukiulizwa liko wapi, unaelekeza kidole juu, mambo yamekwisha. Yeye alisema Peponi. Akaitafuta sauti fulani alipolitamka, ya mtu anayetua mzigo. Nilipomuuliza tofauti ni ipi, alinieleza kwamba neno Peponi halisemwi ili kuonyesha umbali. Ni bustani. Kuna kivuli, kuna mito, kuna matunda yanayoinama yenyewe hadi mkononi mwako, na kuna makasri yaliyoandaliwa kwa ajili ya wenye kuingia. Washairi wa kwao, alisema, wakitaka kumsifu mtu mwema au hata mahali penye raha, hulitumia neno hilo kwa sababu msikilizaji akilisikia tu mwili wake unapata ubaridi. Na wakitaka kupanda juu zaidi husema Firdausi, bustani iliyo juu ya zote.

Wewe fikiria mimi, mtoto wa Nyatike, ambako jua likipiga hata mbuzi hugombania kivuli cha choo. Nililipenda neno hilo kuliko mshahara. Nikaanza kuandika mashairi usiku na mchana. Bi. Mwanaidi akanisahihisha vina huku anapima mita za kanga, nami nikajiona nimekuwa mtu.

Kisha ukaja wakati huu wetu wa misiba. Sina haja ya kukueleza, umekulia ndani yake. Ijumaa miili inatoka mochari, Jumamosi mazishi, Jumapili kanisani tunaangalia ni benchi gani limepungua, Jumatatu shule. Siku moja mwalimu mwenzangu alifariki, wakaniomba niseme neno. Nilisimama nikaghani shairi lenye Peponi ndani yake. Wamama waliacha kulia wakasikiliza. Mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono akasema, "Japuonj, mwalimu wetu, leo umetupeleka mbali." Tangu siku hiyo sikuwa na Jumamosi yangu tena. Walinijia kutoka Mbita, kutoka Mfangano kwa boti, kutoka Karungu, kutoka Homa Bay. Nikakaa meza kuu chini ya turubai, pamoja na chifu na mchungaji, nikaletewa kuku peke yangu kwenye sahani yenye kifuniko. Nilizoea ile sahani, mwanangu. Nilikuwa nikisikia mtu amekufa, nasikitika kwanza, halafu natafuta koti.

Sikiliza ubeti wenyewe. Umeusikia mara nyingi ukiwa mdogo, ukalala mapajani mwa mama yako kabla haujaisha:

Umekwenda marehemu, tumebaki duniani,
Ulitulea kwa hamu, ukatufunza imani,
Leo wanywa tamutamu, penye mito na majani,
Lala wetu muadhamu, kasri lako Peponi.

Ukiutazama vizuri utaona hauna mtu ndani. Niliwazika kwa ubeti huo mwalimu, mvuvi, fundi baiskeli, na bibi mmoja wa Sindo ambaye hakuwahi kumlea mtu yeyote kwa hamu, alikuwa mkali hata kwa mbwa wake. Peponi inaishia kwa "ni", na maneno ya "ni" katika Kiswahili ni mengi kama dagaa wa omena. Nusu ya marehemu wa pande hizi wameingia Peponi kwa sababu kina kilikuwa rahisi. Firdausi ni kazi ngumu, kina chake kina maneno machache, kwa hiyo hilo niliwawekea wenye mali, ambao jamaa zao walileta mbuzi. Nacheka nikiandika haya, lakini kicheko chenyewe hakifiki mbali.

Bi. Mwanaidi alinionya. Nilishuka Migori likizo moja nikamsomea ubeti huo kwa majivuno. Alisikiliza hadi mwisho, akaniwekea kaimati mbele, akasema:

"Vina vimekaa, Mwalimu, siwezi kusema uongo. Lakini wewe funguo kakupa nani?"

"Funguo gani, Bi. Mwanaidi?"

"Za huko unakoingiza watu. Sisi neno hili hulitamka tukiomba. Twasema Mungu amweke mahali pema Peponi. Twaomba, hatujui. Wewe wamshika maiti mkono, wamtia ndani, wamwonyesha na kitanda chake."

Nilicheka, nikala kaimati, nikamwambia huo ni ushairi tu. Alinitazama namna watu wa duka wanavyomtazama mteja anayegusa kila kitambaa bila kununua. Sikumwelewa. Nilikuwa nagawa Peponi kama chifu anavyogawa mahindi ya msaada, na kama chifu, nilifurahi kuona foleni.

Sasa nakuja kwa mama yako. Hapa kalamu inataka kugeuka, lakini nitailazimisha.

Mama yako alikuwa nyar Rusinga, binti wa Rusinga, unajua walivyo. Hakuninung'unikia, alinichokoza. Jumamosi moja nilikuwa nang'arisha viatu kwenda mazishini, naye alikuwa anageuza omena zake kwenye wavu pale nje. Akaniita baba Atieno kwa Dholuo bila kuniangalia, "Wuon Atieno, leo unaenda kujengea nani?"

"Ninaenda kuzika mwenyekiti wa ufuo."

"Aya. Mwenyekiti apate nyumba. Na mimi je? Mimi nikikufa leo, utanipitisha mlango gani?"

Nilimwambia asilete mikosi asubuhi. Lakini alikuwa anasema jambo la wazi ambalo kila mwanamke wa Kijaluo analijua. Tulikuwa tumeishi kwenye nyumba za shule tangu tuoane. Zile nyumba ni za serikali. Ukihamishwa, unafungasha vyungu na godoro, mwingine anaingia kabla jiko halijapoa. Nyumbani kwetu Nyatike, ndani ya boma la baba yangu, sikuwa na kitu. Simba yangu, kibanda changu cha ujana, iliangushwa na mchwa nikiwa Migori naandika mashairi. Na mwanamke aliyeolewa hana mahali pengine pa kuzikwa ila nyumbani kwa mumewe, mbele ya nyumba yake. Kama hana nyumba, mwili wake hauna pa kuingilia.

Kila aliponiuliza nilikuwa na jibu. Nilisema kaka yangu Ochola ndiye mkubwa, yeye hajahama kwenye boma la baba kwenda kufungua lake, na mimi mdogo siwezi kumtangulia. Hilo ni kweli kwa desturi. Lakini desturi haikunikataza kumjengea mke wangu chumba kimoja cha udongo humo humo kwa baba, na hilo mama yako alilijua, na Ochola alilijua, na mimi nililijua kuliko wote. Nilijificha nyuma ya kaka yangu kama mtoto anayejificha nyuma ya mlango huku miguu inaonekana. Likizo zilipofika nilikuwa na mazishi. Jumamosi za kukata fito nilizitumia kuwajengea watu makasri.

Ukija kuolewa, na kijana akakujia na maneno matamu, mimi sitamuuliza dini wala kabila. Nitamuuliza ameezeka nini. Usicheke, nitamuuliza kweli.

Alipougua tukampeleka Homa Bay, wewe ulikuwa shuleni. Siku za mwisho alikuwa na akili zake zote. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikawa namsomea mambo ya gazeti ili nisimtazame mikono ilivyokonda. Akanikatiza.

"Hiyo Peponi yako, mtu anafanya nini huko?"

"Anapumzika," nikasema.

"Anapumzika tu? Siku zote?"

"Siku zote."

"Yaye! Hiyo ni ya wanaume." Alicheka hadi akakohoa, nikamwinua, akanywa maji. Kisha akasema polepole, "Kama kuna nyumba, na mlango ninafunga mimi mwenyewe, sawa, nitaenda. Lakini kama ni ya shule tena, usinipeleke."

Nilimwambia likizo ya Agosti nitajenga. Aliniambia, "Haya, mwalimu," akanipapasa mkono kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa. Hakuifikia Agosti.

Kilichofuata ulikiona, lakini ulikuwa mtoto na macho yako yalikuwa kwenye jeneza, kwa hiyo sijui uliona kiasi gani. Nilipopeleka habari nyumbani, Ochola alinivuta kando. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na aibu kwa niaba yangu. Alisema, "Ndugu yangu, shemeji ataingia wapi? Hana nyumba hapa. Wazee hawawezi kukubali." Basi vijana wa ukoo wakakata miti, wanawake wakateka maji, wakakandika udongo siku hiyo hiyo, Ochola akang'oa mabati ya zizi lake tukaezeka. Nilibeba matope na koti langu la mazishi likiwa begani kwa mtu. Nyumba aliyoiomba miaka yote ya ndoa yetu ilijengwa kati ya asubuhi na jioni. Mlango haukupatikana, tukatundika shuka.

Gari lilipofika, tukamwingiza katika nyumba hiyo. Udongo ulikuwa mbichi, ukiuegemea ukuta unakuganda mgongoni, na wanawake waliokesha naye asubuhi walitoka na nguo zenye alama za matope. Mimi shairi lilikuwa mfukoni. Sikulisahau. Nilikuwa nimeliandika Homa Bay usiku aliofariki, nimeutengeneza ubeti ule ule, nikabadilisha "marehemu" nikaweka mambo yake, na mwisho wake ulikuwa "kasri lako Peponi". Mwongoza shughuli alipolitaja jina langu, nilitazama ile shuka ikipepea pale pa mlango, na maneno yale matatu yakakataa kupanda. Ningesemaje kasri, Atieno, mbele ya nyumba ile, na mbele ya mtu aliyejua? Alikuwa amelala pale karibu yangu na kila mtu aliyesimama uani alikuwa na udongo wa nyumba ile viatuni.

Sikumnyima mama yako Peponi. Nilikosa uso wa kuitamka. Lakini najua kwako ilionekana vile vile, na nilipokwambia nimesahau nilikufanya uamini kwamba mama yako alikuwa mtu wa kusahaulika. Hilo linaniuma kuliko ile nyumba. Udongo ulikauka baadaye, na mwaka uliofuata nikatia mlango wa mbao. Ulipouona ulisema umechelewa, ukapita. Ulisema kweli.

Baada ya hapo niliacha. Watu walidhani ni huzuni, wakaniheshimu. Haikuwa huzuni peke yake, ilikuwa ni chuki. Nililichukia neno lenyewe, nikaona ni la walaghai kama mimi. Waliokuja kuniomba niliwarudisha kwa ukali. Ndipo akaja Min Odhiambo, yule mama anayeuza mandazi karibu na soko hapa Sindo, mwaka huu wakati wewe unasubiri matokeo kwa nyanya yako Rusinga. Mwanawe wa pekee alikuwa amefariki. Alisimama hapa mlangoni, leso imefungwa kiunoni, akaniomba nimwandikie Odhiambo maneno mawili matatu yenye Peponi.

Nikamwambia, "Mama, mimi sigawi mbingu tena. Nenda kwa mchungaji."

Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, mimi sikuja kuchukua mbingu. Nilikuja unisaidie kuomba. Mimi nikianza peke yangu nalia, siwezi kumaliza."

Aliondoka. Nilikaa kwenye kiti hiki na uso umeniwaka. Bi. Mwanaidi alikuwa ameniambia hayo hayo nikila kaimati zake miaka mingi iliyopita, nami nikayasikia kama maneno ya mtu wa dini nyingine. Neno lile halikuwa langu kugawa, na kwa sababu hiyo halikuwa langu kunyima pia. Nilipolitoa nilijifanya Mungu, nilipolifungia nikajifanya Mungu tena, mara hii mwenye hasira. Kumbe kazi yake ni ndogo na ni nzito. Mtu amepotelewa, hajui aliyempenda yuko wapi, hana jinsi ya kujua, na bado anataka kumtakia kivuli na maji na mahali pa kuketi. Anaomba. Washairi wa pwani walilichagua lile la bustani kwa sababu mwenye kufiwa hawezi kuomba jambo la mbali asiloweza kulipiga picha. Anaomba vitu ambavyo mikono yake ingetaka kumpa marehemu na haiwezi tena.

Nilikwenda mazishini kwa Odhiambo. Sikuketi meza kuu, nilisimama nyuma na wavuvi. Zamu yangu ilipofika sikuwa na ubeti. Nilisema tu, "Mungu amweke Odhiambo mahali pema Peponi, na ampe mamake nguvu ya kuwasha moto wa mandazi kesho." Watu wakasema amina. Haikuwa na vina. Min Odhiambo alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na nilirudi nyumbani bila kula.

Nakuandikia haya yote na bado sijui kama nimekueleza. Umesema utasomea kufundisha hesabu na hutaki kusikia habari ya Kiswahili. Sawa. Hesabu haina kina cha "ni", na huenda utakuwa mkweli kunizidi. Lakini watoto watakupenda, na utagundua jinsi ilivyo rahisi kuwapa watu maneno mazuri badala ya kitu walichokuomba. Mama yako aliomba mlango, nami nikawa mtu mashuhuri. Ukijikuta unasifiwa sana nje, mwanangu, pita nyumbani uangalie nani anasubiri nini.

Kuhusu Krismasi. Nenda Rusinga, nyanya yako ana haki ya kukuona, na ulichosema ni kweli, huko mama yako alikuwa na nyumba. Sitakuzuia wala sitamtuma shangazi yako akushawishi. Ila nakuomba siku moja. Mimi Desemba nitakuwa Nyatike. Ninastaafu mwakani, na wazee wananicheka kwamba mzee mzima anakandika upya nyumba ya marehemu badala ya kuoa, lakini mimi sina haraka ya kuoa na mvua zimekula ukuta wa upande wa ziwa. Njoo siku moja tu. Ukitaka kurudi jioni, nitakusindikiza mwenyewe hadi kwenye gari.

Sikuiti ili unisamehe. Njoo na hasira yako hivyo hivyo, usiiache njiani kwa ajili yangu. Nakuita kwa sababu tangu tumzike mama yako hakuna kati yetu aliyemwombea pale kaburini kwa mdomo wake, si wewe, si mimi. Wewe ulikuwa unanisubiri mimi, na mimi nilikuwa naona aibu. Nimejaribu peke yangu mara mbili mwaka huu. Nilifika hadi "Mungu amweke" nikashindwa na jina lake.

Kwa hiyo nataka tusimame pale wawili. Mimi nitaanza, nikifika kwenye jina wewe ulitaje, halafu nitamalizia mahali pema Peponi. Na kama na wewe litakushinda, si kitu, Atieno. Simama tu karibu nami, tunyamaze pamoja, Mungu anamjua anaitwa nani.

Ni mimi baba yako,
Mwalimu.